Kukuza Kampuni kwa Fedha ya Mteja

Septemba 2021, kampuni ya Intuit ya Marekani ilitangaza kuinunua Mailchimp kwa takriban dola bilioni 12. Mailchimp, inayouza huduma ya kutuma baruapepe za matangazo, ilikuwa haijachukua hata senti moja ya wawekezaji wa mitaji. Waanzilishi wake, Ben Chestnut na Dan Kurzius, walikuwa wakitengeneza tovuti za watu mjini Atlanta. Programu hiyo waliianza mwaka 2001 kama kazi ya pembeni, ikalelewa na malipo ya tovuti hadi 2007, walipoamua kushika hiyo peke yake.

Huduma ya bure iliyowapa umaarufu ilikuja 2009, baada ya miaka minane ya kuuza. Ndani ya mwaka mmoja watumiaji waliruka kutoka takriban 85,000 hadi 450,000, na wanaolipa ndio waliowabeba wasiolipa. Anayejitegemea hawezi kuanza kwa kugawa bure, kwa sababu hana mfuko wa mtu mwingine wa kuziba pengo.

Pengo lenyewe mara nyingi linatokana na muda fedha inapoingia. Tuchukue programu ya kusimamia ada za shule, inayolipiwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kuipata shule moja kunagharimu 300,000: nauli, siku mbili za kumfundisha mhasibu, kuingiza majina ya wanafunzi. Shule ikilipa kila mwezi, gharama hiyo inarudi baada ya miezi sita, kabla hujagusa bili ya seva. Ukitaka shule kumi mpya kwa mwezi, utoe milioni tatu kila mwezi. Kadiri unavyouza ndivyo unavyokaukiwa.

Sasa ipe shule punguzo la miezi miwili, mradi ilipe mwaka mzima mapema: 500,000. Siku hiyohiyo gharama imerudi, na 200,000 imebaki. Bei imeshuka, lakini mtaji umepatikana bila kuuza hisa.

Hata hivyo, malipo ya mapema ni deni la huduma. Ile 200,000 inapaswa kulipia seva na simu za msaada kwa miezi kumi na miwili. Ukiimalizia kwenye kodi ya ofisi mpya, utakopa harusi na kulipa matanga. Itengee akaunti yake, na kila mwezi uchukue sehemu ya mwezi huo tu.

Njia hii haifai kila biashara. Anayetengeneza vifaa au anayekopesha watu anahitaji fedha nyingi kabla ya mteja wa kwanza. Lakini kwa muuza programu, kipimo kiko karibu: waombe wateja kumi walipe mwaka mzima. Wakikataa wote, tatizo si mtaji, na fedha ya mwekezaji itachelewesha tu siku ya kulijua hilo.