Ngoma Kuukuu ya Burundi: Ngozi Hubadilishwa, Mti Huachwa

Ngoma kuukuu ya Burundi ina umri wa aina mbili: wa mti na wa ngozi. Gogo lake ni la umuvugangoma, mti unaoitwa mringaringa huko Tanzania. Likitunzwa, humzidi umri mchongaji wake. Ngozi ya ng'ombe haina maisha hayo. Huchanika, huvuliwa, ikawambwa nyingine. Warundi wenyewe waliipa ngoma mwili wa mama: ngozi ni icahi, kwa jina la mbeleko ya ngozi, vigingi ni amabere, yaani matiti, kiwiliwili ni inda, na kitako ni umukondo, kitovu.

Kabla ya bei huulizwa asili. Karyenda ilikuwa ngoma ya enzi ya mwami, yaani mfalme wa Burundi, mpaka ufalme ulipofutwa mwaka 1966, na Ruciteme na Murimirwa ni ngoma takatifu za Gishora, karibu na Gitega. Za namna hiyo si mali ya sokoni. Huko Kenya nako, Wapokomo wa Mto Tana bado wanaidai Ngadji, ngoma yao takatifu iliyochukuliwa na wakoloni Waingereza na kupelekwa London.

Ngoma ya kawaida ikaguliwe kwanza kwenye vigingi. Iliyowambwa mara nyingi huwa na matundu ya zamani kando ya yale yanayotumika. Ubavuni kuna makovu ya mirisho, vile vijiti vya kupigia, kwa kuwa mpigaji hugonga mti pia. Kitako kimelainika pale kilipokaa juu ya vichwa vya wabebaji. Iliyozeeshwa kwa moshi na rangi ili iuzwe huwa nyeusi sawasawa kila mahali, hata pasipofikiwa na mkono.

Makovu hayo yaachwe kabisa. Msasa huyafuta kwa saa moja, na vanishi huyafunika kwa mng'ao usio wake. Kinachotibiwa ni kinachoendelea kula: unga mpya wa mti chini ya ngoma, maana wadudu watoboao mti bado wamo, ukungu kwenye ngozi, mpasuko unaorefuka.

Hewa ya mahali nayo huathiri ngoma. Kabezi, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, hewa ya Ziwa Tanganyika ina unyevu, na ngozi iliyokazwa kwenye baridi ya milimani inaweza kulegea huko. Kuianika juani hurudisha sauti, lakini jua kali la muda mrefu hupasua gogo. Ni afadhali kivuli chenye upepo, ngoma ikiinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao isiguse sakafu ya saruji.

Ikiwa ngoma itapigwa tena, ngozi mbovu haina haja ya kuhurumiwa. Mpya hulowekwa, huwambwa ikiwa mbichi, vigingi vikirudi katika matundu yaleyale, kisha hukaushwa taratibu. Ile ya zamani huhifadhiwa pakavu, pamoja na karatasi yenye jina la kijiji ilikotoka ngoma na mwaka ilipobadilishwa.