Ubaya Una Majina Yake

Katika miaka ya 1830, huko Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika ya Kusini, Charles Darwin alikuwa kambini akila nyama baridi iliyohifadhiwa. Mwenyeji mmoja akanyoosha kidole, akaigusa ile nyama, na uso wake ukakunjamana: ulaini ule ulimkirihi. Darwin naye, ingawa mikono ya yule mtu haikuonekana michafu, alishikwa na kinyaa kwa sababu tu chakula chake kimeguswa na mtu aliyemwita mshenzi aliye uchi. Nyama ni ile ile moja, lakini kila mtu na kinyaa chake.

Darwin alikisimulia kisa hicho mwaka 1872, katika kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Kabla ya kisa alilipima neno lenyewe, “disgust”, akaeleza kwamba kwa maana yake ya msingi ni kitu kinachoukera ulimi. Asili yake iko katika Kilatini “gustus”, yaani ladha. Kwa hiyo leo Mwingereza akiuita mkataba wa kifisadi “disgusting”, chini ya neno hilo bado kuna mdomo unaotaka kutema.

Maneno mengi ambayo Waingereza hutumia kusema kitu hakipendezi yalianzia hapo, mwilini. “Horrible” limetoka katika kitenzi cha Kilatini kinachoeleza nywele kusimama kwa hofu, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa. “Ugly” lililetwa na watu wa Skandinavia, na kwao halikuhusu sura hata kidogo. Lilihusu kitu cha kuogofya. “Nauseous” ndilo zuri kuliko yote kwa msomaji wa pwani. Asili yake ni neno la Kigiriki la chombo cha baharini, “naus”. Aliyewahi kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba siku mbaya anajua kwamba bahari huchafuka kwanza, kisha roho nayo huchafuka. Kiswahili kimevipa vyote viwili kitenzi kimoja, na Wagiriki waliona uhusiano ule ule.

Mengine yametoka kwenye kalenda. “Dismal”, linalosemwa kuhusu mvua isiyokatika au timu iliyofungwa mabao sita, lilikuwa Kilatini “dies mali”, siku mbaya. Katika kalenda za Ulaya ya zama za kati kila mwezi ulikuwa na siku mbili za namna hiyo, jumla 24 kwa mwaka, ambazo watu waliogopa kuanza safari au shughuli kubwa. Ni siku za nuhusi hasa, zile ambazo wazee wa mwambao waliwauliza wanajimu wao kabla ya kutweka tanga. “Sinister” nalo, ingawa si la kalenda, lilimaanisha mkono wa kushoto tu. Kiswahili kimeweka heshima upande wa pili: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula.

Na yapo yaliyotoka kwenye dharau, na hapa historia inauma. “Vulgar” lilitokana na neno la Kilatini la watu wa kawaida, umma. “Villainous” lina mizizi katika “villa”, shamba la tajiri; aliyefanya kazi humo, mkulima maskini, ndiye aliyegeuzwa jina la mwovu. Waungwana wa mwambao walifanya vivyo hivyo walipowaita watu wa bara washenzi. Neno hilo bado linatumika kila siku, na wengi wanaolitamka hawajui ni akina nani waliobebeshwa kwanza.

“Lousy” limetokana na chawa. Lilianza kwa maana ya mtu aliyejaa chawa, likaishia kumaanisha kitu hafifu: mshahara, huduma, sinema. Tanzania ya leo imemchukua mdudu huyo huyo ikampeleka kwingine, na chawa sasa ni anayemganda mwenye pesa au cheo na kumsifia ili apate chochote.

Lakini maneno ya ubaya yana tabia ya kuchakaa, na yakichakaa hugeuka. “Awful” lilikuwa la kumcha Mungu, la kutetemeka mbele ya utukufu. Kufikia karne ya 19 lilishashuka hadi kwenye supu isiyo na chumvi. “Terrific” lilipita njia ya kinyume. Mshairi John Milton alilitumia mwaka 1667 kueleza nyoka wa kutisha, na leo mwalimu huliandika kwenye daftari la mtoto aliyepata mia kwa mia. Michael Jackson alipotoa albamu yake “Bad” mwaka 1987, vijana waliielewa bila kamusi. Vijana wa Dar es Salaam hawako mbali: mshambuliaji mzuri “anatisha”, wimbo mzuri ni “mkali”, na binti aliyependeza ni “balaa”.

Darasani utajiri huu hupotea. Mwanafunzi akiandika insha ya Kiingereza, chakula ni “bad”, barabara ni “bad”, harufu ni “bad”, kwa sababu amefundishwa kwamba “-baya” ni “bad” na mambo yakaishia hapo. Vitabu vya tafsiri vina kosa hilo hilo kinyumenyume: maneno kumi ya Kiingereza yanamiminwa yote ndani ya “-baya”. Halafu husemwa kwamba Kiswahili ni maskini. Si kweli. Kiswahili kina vivumishi vichache, lakini ubaya wake kimeuweka katika nomino na vitenzi. Herufi moja inatosha kutenganisha kunuka na kunukia. Ndizi mbichi ina ukakasi, na siku hizi hata kauli ya kiongozi huwa nao.

Ukipita soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, shombo hukupokea kabla ya wachuuzi. Shombo si kasoro. Hata samaki aliyetoka kuvuliwa anayo. Mnunuzi hufunua shavu la changu, akainama, akavuta pumzi. Anachotafuta ni uvundo. Mtafsiri akikutana na samaki aliyeitwa “putrid”, yaani aliyevunda, na kumwandika “samaki mbaya”, msomaji hatajua kama ameoza, ana sumu, au amekaangwa vibaya tu.