HABASHA: NCHI YA MILIMA ILIYOWAPOKEA WAHAJIRI WA KWANZA

  



Siku moja tulikuwa katika somo la Sira, tukizungumzia hijra ya kwanza. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustadh, hiyo Habasha iko sehemu gani ya Uarabuni?" Darasa zima lilinyamaza likisubiri jibu. Nilipowaambia kwamba Habasha haiko Uarabuni, bali iko huku huku kwetu Afrika, na kwamba ukitoka Arusha ukapita Namanga na Nairobi, ukashika njia ya kaskazini mpaka Moyale, unafika mpakani mwa nchi hiyo, wengi walishangaa. Nikaona ni vyema mwaka huu niandike makala haya, ili tuitembelee nchi hiyo japo kwa kusoma.

HABASHA NI NCHI GANI?

Habasha ya zamani ni sehemu ambayo leo iko katika nchi za Ethiopia na Eritrea. Ni nchi ya milima. Sisi tunaoamka kila asubuhi tukauona Mlima Meru hatutapata tabu kuielewa. Mlima mrefu kuliko yote Ethiopia unaitwa Ras Dashen, na kimo chake kinakaribiana sana na cha Meru wetu: yote miwili inazidi mita 4,500. Tofauti ni kwamba Meru umesimama peke yake, lakini kule milima imefuatana, na watu wanaishi na kulima juu ya nyanda za juu zenye baridi.

Tuna undugu mwingine nao. Kahawa ya arabika inayolimwa na wazee wetu kwenye miteremko ya Meru, asili ya mmea wake ni misitu ya Ethiopia. Tena Wahabeshi husoma saa kama sisi Waswahili: jua likichomoza, saa ya kwanza baada yake kwao ni saa moja. Mgeni kutoka Ulaya huchanganyikiwa, lakini mtoto wa Arusha hatachelewa miadi.

AKSUM, MJI MKUU WA KALE

Mji mkuu wa leo wa Ethiopia ni Addis Ababa, lakini huo ni mji mpya, ulioanzishwa karne ya 19. Mji mkuu wa kale ni Aksum, ulioko kaskazini katika jimbo la Tigray, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo mgeni wa Aksum asisahau sweta.

Dola ya Aksum ilikuwa na nguvu kubwa tangu karne za mwanzo za Miladia. Ilitengeneza sarafu zake yenyewe za dhahabu, fedha na shaba. Kupitia bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Sham, ilifanya biashara na Warumi, Waarabu na Wahindi. Katika karne ya 4 mfalme wake Ezana aliingia Ukristo, na dola ikawa ya Kikristo.

Anayezuru Aksum leo ataona nguzo ndefu za mawe zilizochongwa, kila moja kutokana na jiwe moja tu. Kubwa kuliko zote, yenye urefu wa takriban mita 33, imeanguka na kuvunjika vipande. Nyingine, ya mita 24 hivi, ilichukuliwa na Wataliano mwaka 1937 ikasimamishwa Roma. Wahabeshi hawakuacha kuidai. Ilirudishwa mwaka 2005 na kusimamishwa tena mahali pake mwaka 2008.

MFALME ALIYESIKILIZA PANDE MBILI

Mwaka wa 5 wa utume, sawa na mwaka 615 Miladia, mateso ya Maquraysh yalizidi. Mtume (s.a.w.) akawaelekeza Masahaba waende Habasha, kwa kuwa kule kulikuwa na mfalme ambaye hakuna anayedhulumiwa mbele yake. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, wanaume kumi na kitu na wanawake wanne. Miongoni mwao walikuwemo Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Baadaye likafuata kundi kubwa zaidi, wanaume na wanawake wapatao 100, akiwemo Ja'far bin Abi Talib (r.a.).

Maquraysh hawakuridhika. Wakawatuma Amr bin al-As na mwenzake wakiwa na zawadi za ngozi kwa mfalme na wakubwa wake, ili wakimbizi warudishwe Makka. Hapa wanafunzi tuwe makini. Najashi, ambaye jina lake ni As-hama (Najashi ni cheo cha wafalme wa Habasha), alikuwa na kila sababu ya kupokea zawadi na kuwatoa wageni hao maskini. Hakufanya hivyo. Aliwaita, akataka kusikia kutoka kwao wenyewe. Ja'far (r.a.) akaeleza walivyokuwa katika ujahili, na kile Uislamu ulichowaamrisha: ukweli, amana, kuunga udugu na wema kwa jirani. Kisha akasoma sehemu ya mwanzo ya Surat Maryam. Najashi akalia. Zawadi zikarudishwa, na Waislamu wakabaki kwa amani.

Ja'far (r.a.) na wenzake wa mwisho waliondoka Habasha mwaka wa 7 Hijria, wakamkuta Mtume (s.a.w.) Khaybar. Najashi, ambaye alikuwa amesilimu, alipofariki, Mtume (s.a.w.) aliwatangazia Masahaba siku ile ile, akawapanga safu na kumswalia kwa takbira nne. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

HALI YA LEO

Katika mji mdogo wa Negash, huko huko Tigray, kuna msikiti ambao wenyeji wanasimulia kuwa Najashi na baadhi ya Masahaba wamezikwa hapo. Vita vya Tigray, vilivyoanza Novemba 2020 na kusimamishwa kwa mkataba wa Pretoria Novemba 2022, viliuharibu msikiti huo. Mji wa Aksum nao ulipata mauaji makubwa. Kwa hiyo anayetaka kuzuru aulizie kwanza usalama wa kaskazini. Ndege zipo kutoka uwanja wa Kilimanjaro mpaka Addis Ababa, na safari ya Aksum huendelea kutoka hapo.

Jambo jingine linahuzunisha. Aksum ni mji mtakatifu kwa Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi, na Waislamu wake wachache wamekuwa wakilalamika kwa muda mrefu kuwa hawaruhusiwi kujenga msikiti mjini. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wasichana Waislamu wa sekondari walizuiwa kujisajili kwa mtihani wa taifa kwa sababu ya hijabu, na suala hilo likafika mahakamani. Hayo yametokea katika mji wa Najashi, ambaye aliwalinda Waislamu wakati yeye na watu wake bado ni Wakristo.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, Uislamu si mgeni Afrika. Waislamu walipata hifadhi katika bara hili kabla ya Madina. Mwanafunzi wa Kiafrika asione haya.

Pili, uadilifu wa mfalme hauwi wa wajukuu wake mpaka nao waufanye. Kila kizazi kina kesi yake. Sisi wa Arusha tunaishi na majirani Wakristo, na mji wetu ndio makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tujiulize: anapoletwa mbele yetu mtu dhaifu, tunamsikiliza kabla ya kuhukumu?

Na lianzie hapa madrasani. Akija mwanafunzi mpya, kanzu yake imechakaa, lafudhi yake ya kigeni, na wenzake wakaja kumsemea vibaya kwa ustadh, wewe uliyekaa karibu naye ufanye nini? Najashi alisema: waleteni niwasikie.

Tumuombe Allah (s.w.) awape amani ndugu zetu wa Habasha, Waislamu na wasio Waislamu, na atujaalie tuwe waadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.