Wanaoingia Mathari na Wasiotoka

Wengi hudhani wodi za wahalifu wenye maradhi ya akili hujaa kwa kuwa uhalifu umezidi. Katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, tatizo limo pia katika mlango wa kutokea.

Kwa miaka mingi, aliyetenda kosa hali akili imemtoka hakupewa kifungo chenye mwisho. Kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa jinai kilimweka chini ya amri ya Rais. Ripoti ya kwanza juu yake iliandikwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Mwaka 2016 Mahakama Kuu huko Meru iliona utaratibu huo unapingana na Katiba.

Lakini hukumu haifungui mlango wa nyumba. Daktari akiridhika kwamba mgonjwa amepata nafuu, huuliza: nani atampokea? Pengine aliyedhuriwa ni mama, mke au ndugu wa tumbo moja. Jamaa wana hofu, nasi tusiwe wepesi kuwalaumu. Pasipo mtu wa kusimamia dawa na kumsindikiza kliniki, aliyepata nafuu hubaki wodini, na mwingine huletwa.