Walinzi Wawili Wasiokonyeza

Kitendawili!

Tega!

Nina walinzi wawili, hawasemi, hawalali, hawakonyezi. Wakiacha kuonana tu, mlango haufungwi.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Detroit? Nimeupokea, na mmenipa mji wenyewe hasa, maana Detroit ni mji wa magari, na kitendawili changu kinakaa gerejini.

Huko Marekani nyumba nyingi zina gereji, na gereji ina mlango mpana wa kupanda juu. Mwaka 1921 bwana C. G. Johnson alibuni mlango wa namna hiyo, na mwaka 1926 akauletea mota ya umeme. Unabonyeza kitufe, mlango unapanda. Unabonyeza tena, unashuka. Lakini mlango wa gereji ya magari mawili unaweza kupita kilo 70, na mota haina huruma. Watoto waliupenda mlango huo kupita kiasi: mmoja anabonyeza, mwenzake anapita chini mbio kabla haujagusa sakafu. Wengine hawakuwahi kutoka. Walibanwa, na wapo waliokufa.

Ndipo mwaka 1990 Bunge la Marekani likatunga sheria: kila mota ya gereji ya nyumbani itakayotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 iwe na kinga ya ziada ya kuzuia mtu asibanwe. Kinga iliyoenea zaidi ndiyo jibu la kitendawili chetu: vihisi viwili vidogo, ambavyo hapa tutaviita macho.

Jicho moja hukaa kushoto kwa mlango, jingine kulia, yakitazamana. Moja hutuma, la pili hupokea. Linalotuma hurusha mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni. Mwanaastronomia William Herschel aliugundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliotawanywa na kioo cha pembetatu. Pale hapakuonekana nuru yoyote, lakini joto likapanda. Mwanga wa jamii hiyohiyo ndio unaotumiwa na rimoti ya televisheni.

Sasa tegeni sikio, hapa ndipo penye utamu. Wengi hudhani jicho hupiga kelele likimwona mtoto. Sivyo. Jicho linalopokea huiambia mota bila kukoma: naona, naona, naona. Mtoto akikatiza, jicho linanyamaza, na mota inauchukulia ukimya huo kuwa hatari. Mlango unasimama na kurudi juu. Kwa nini wahandisi waliamua hivyo? Fikirini panya ametafuna waya. Kama jicho lingekuwa la kupiga kelele, kelele isingefika, na mlango ungeshuka juu ya mtu. Kwa mpango huu wa sasa, waya ukikatika mlango unakataa kufunga. Mwenye nyumba atanuna, lakini hakuna atakayeumia.

Fundi anapoyafunga macho hayo, huyaweka chini kabisa, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Yakipanda juu, mtoto anayetambaa atapita chini ya mwanga bila kuonekana. Huvuta uzi kutoka upande mmoja hadi wa pili, akatumia pima maji kuhakikisha macho yako sawa, kisha hupitisha nyaya ukutani hadi kwenye mota, akiangalia asizibane kwa misumari. Mwisho hulegeza nati, huligeuza jicho linalopokea polepole, na taa yake ndogo ikiwaka bila kupepesa, hukaza.

Taa hizo ndogo ndizo zinazomwambia fundi ugonjwa. Mlango ukifunguka vizuri lakini ukakataa kufunga, yeye huinama kwanza kutazama macho, kwa sababu kazi ya macho hayo ni kulinda mlango unaposhuka. Taa zote mbili zimezimika? Umeme haufiki, afuate waya. Ya kutuma inawaka, ya kupokea imezimika? Huenda kuna vumbi, utando wa buibui, au ndoo iliyoachwa njiani. Pengine baiskeli imeligonga jicho likapinda. Kitambaa laini na mkono mtulivu humaliza mengi ya hayo.

Kuna ugonjwa mmoja wa ajabu: asubuhi mlango mzima, mchana mzima, saa kumi na moja jioni unagoma. Hilo ni jua. Gereji ikielekea magharibi, miale ya jioni huingia moja kwa moja kwenye jicho linalopokea na kulipofua. Dawa ni macho yabadilishane nafasi, linalopokea likae upande wenye kivuli, au kulivisha kikinga jua.

Hata hivyo mwanga ule ni mstari mmoja tu. Gari likisimama mlangoni, mstari unaweza kupita chini ya tumbo lake, kati ya magurudumu. Kwa hiyo mlango una kinga nyingine: ukigusa kitu, lazima ugeuke. Kila mwezi mtu mzima huulaza ubao sakafuni na kuufungia mlango juu yake. Mlango usiporudi juu, fundi aitwe. Ninyi msiguse chochote, hasa zile springi nene zinazoubeba mlango. Zimekazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono.

Na msiseme hayo ni ya Detroit. Mageti ya umeme ya kuteleza, Nairobi na Dar es Salaam, mengi yana macho ya namna hiihii kwenye nguzo. Jicho likisumbua, yupo fundi mvivu atakayeunganisha nyaya kiujanja ili mota iamini kwamba njia iko wazi daima. Geti litafunga kila mara bila kugoma, na nyumba nzima itamsifu fundi. Mwombeni mtu mzima apitishe mpini wa ufagio mbele ya jicho wakati geti linafunga, ninyi mkiwa mbali. Likiendelea kufunga, halina mlinzi. Geti linalogoma linaudhi. Lisilogoma kamwe ndilo la kuogopa.