Breki za Gari Mlimani

Wewe unayelima kabichi na karoti huko Nyandira au Langali, mazao yako hufika Morogoro kwa gari. Gari hilo hupanda Uluguru likiwa jepesi, huteremka likiwa limejaa magunia na watu. Likichoka kupanda, litasimama tu. Hatari kubwa iko katika kuteremka.

Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, karibu na jiji la Arusha, lori lilishindwa kusimama likagonga magari mengine matatu. Watu 25 walikufa. Polisi walisema lori hilo lilikatika breki. Na hiyo ilikuwa barabara pana ya lami, si njia yetu ya Sangasanga kwenda Langali yenye kona na makorongo.

Tuone breki hufanyaje kazi. Dereva akikanyaga pedali, anasukuma mafuta ya breki. Mafuta hayo hupita katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu. Huko husukuma pedi, nazo pedi hubana chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Pedi zikisugua chuma, mwendo hupungua.

Sasa sugua viganja vyako kwa nguvu. Umesikia joto? Breki nazo hupata joto hivyo hivyo, ila lake ni kali mno. Dereva akikanyaga breki njia nzima ya mteremko, joto hilo halipati nafasi ya kutoka. Pedi huacha kushika chuma, huteleza juu yake. Mafuta nayo huweza kuchemka, hasa yakiwa ya zamani, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari linakwenda tu.

Breki zikishapoa, pengine hufanya kazi tena. Fundi akizijaribu kesho yake anaziona nzima. Ndipo watu husema gari limerogwa! Gari halikurogwa. Lilipata joto.

Kinga yake ni gea. Madereva wa zamani husema, gea uliyopandia mlima ndiyo uteremkie. Gari likiwa katika gea ndogo, injini yenyewe hulizuia lisikimbie, na breki hupumzika. Lakini wako madereva wanaoweka nyutro na kuzima injini ili kuokoa mafuta. Hilo ni jambo baya sana. Injini ikizimwa, breki za magari mengi huwa ngumu kukanyaga, na usukani huwa mzito. Wanaokoa lita moja, wanahatarisha watu ishirini.

Na breki zikikatika njiani? Dereva asizime injini. Apampu pedali haraka haraka, arudishe gea chini moja moja, avute breki ya mkono polepole, apige honi. Ikibidi kugusa kitu, aelekee upande wa mlima, siyo upande wa korongo.

Wewe abiria nawe una kazi. Tumia pua. Harufu ya kitu kinachoungua kwenye mteremko ni habari ya breki. Mwambie dereva asimame. Usione haya, kwani Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu.

Mimi niliwahi kuteremka na pikapu moja ya mboga, tumekaa juu ya magunia. Tukasikia harufu kama ya raba inayoungua. Sisi wanaume tulinyamaza. Bibi mmoja aligonga paa la gari kwa fimbo yake, akaita, "Mwanangu, simama! Gari lako linaungua!" Dereva alinuna, maana alikuwa anawahi soko, lakini alisimama. Moshi ulikuwa unatoka katika magurudumu ya mbele. Akataka kumwagia maji. Utingo akamzuia, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka.

Tulikaa chini ya migomba karibu saa nzima. Bibi akatoa ndizi mbivu katika kikapu chake, akaanza kumpa dereva. Tulipoondoka, dereva alishika gea ya pili mpaka tukafika tambarare.