Bei ya sokoni kwa barua pepe

Mkulima anayengoja lori la mlanguzi shambani huuza kwa bei ya mlanguzi. Wakulima wa Tanzania walioingia katika mradi wa First Mile, uliosaidiwa na IFAD katika miaka ya 2000, walilijua hilo. Walituma mtu sokoni achunguze bei kimyakimya, wakamwita shushushu. Habari alizirudisha kwa simu, na uzoefu ukapelekwa wilaya nyingine kwa barua pepe.

Njia hiyo bado ipo. Kikundi cha barua pepe kitafutwe kwa jina la zao, mathalani vitunguu au alizeti, si “kilimo” tu. Ukiisha kukubaliwa na msimamizi, ujumbe wako mmoja huwafikia wanachama wote. Ila soma kwanza yanayoandikwa humo: kama kila mtu anatangaza mbegu na hakuna anayetaja bei, hilo ni gulio, si kikundi.

Bei muhimu zinakiliwe daftarini. Yahoo Groups ilipofungwa Desemba 2020, kumbukumbu za miaka mingi zilikuwa zimeshafutwa. Na mtu akitaja bei ya gunia, aulizwe ni la kilo ngapi. Lumbesa nayo huitwa gunia.